Mapadri Waliokataa Kuhubiri Mjini

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni)

Ikiwa uko jikoni unachemsha chai, au uko garini waelekea kazini, au umelala hospitalini na redio ya jirani yako ndiyo unayoisikia, Bwana na awe pamoja nawe.

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Luka, mlango wa 4, kuanzia aya ya 16. Bwana Yesu amerudi Nazareti alikolelewa. Ameingia katika sinagogi siku ya sabato, amepewa chuo cha nabii Isaya, naye anasoma mahali panapotaja kazi ambayo Mungu amemtuma kuifanya. Angalieni ni nani wanaotajwa mbele ya wengine wote. Hawatajwi wakuu wa sinagogi, wala wenye mali, wala wasomi wa Yerusalemu. Wanatajwa maskini.

Mtu ninayetaka kuwasimulia leo aliichukua habari hiyo ya Luka akaifanya kuwa neno la kazi yake yote. Jina lake ni Vincent de Paul, padri wa Kanisa Katoliki huko Ufaransa, na shirika alilolianzisha mwaka wa 1625 huitwa Shirika la Misioni. Watu wengine huwaita Wavinsenti. Najua yuko mzee wa kanisa mahali fulani ambaye sasa hivi ameweka kikombe chake chini na kusema, "Huyu mchungaji wetu amepotelea wapi? Kwani Waprotestanti wamekwisha?" Hawajakwisha, mzee wangu. Hata katika habari hii Mprotestanti yumo, tena bila yeye nisingekuwa na neno la kuwaambia leo. Nivumilie kidogo.

Vincent alizaliwa mwaka wa 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alipokuwa mdogo alichunga kondoo na nguruwe wa nyumbani. Baba alipoona kwamba kijana ana akili, alimpeleka shule mjini Dax, na husimuliwa kwamba baadaye aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili kijana aendelee na masomo ya juu. Wazazi wa Kenya hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Ng'ombe huuzwa, mtoto husoma, na nyumba nzima hungoja.

Basi siku moja yule baba alikwenda Dax kumwona mwanawe. Alikuwa amevaa nguo zake za shamba, naye alichechemea kidogo. Kijana aliambiwa kwamba baba yake yuko nje. Akakataa kutoka. Aliona haya mbele ya wenzake kuwa mwana wa mtu wa namna ile. Habari hii hatukuipata kwa adui zake. Vincent mwenyewe aliisimulia uzeeni, mbele ya watu wa shirika lake, akaihesabu kuwa dhambi yake.

Mwaka wa 1600 alitiwa upadri, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, ingawa sheria ya kanisa lake ilidai miaka 24. Haraka hiyo ilikuwa ya nini? Siku zile katika Ufaransa cheo cha kanisa kilikuwa na mapato yake. Mtu aliweza kupewa cheo cha mahali asipopajua, akala mapato yake, na kazi ikaachwa mikononi mwa mtu mwingine wa bei rahisi. Hicho ndicho Vincent alichokitafuta. Tunayo barua aliyomwandikia mama yake mwaka wa 1610, akieleza matumaini yake ya kupata cheo kitakachomwezesha kupumzika na kukaa karibu naye. Alikuwa hajafika miaka 30, na tayari alikuwa akifikiria kustaafu!

Mwaka wa 1613 aliingia katika nyumba ya Philippe-Emmanuel de Gondi, jemadari wa merikebu za mfalme zilizosukumwa kwa makasia na wafungwa. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa bwana huyo. Familia ya Gondi ilikuwa na mashamba makubwa yenye vijiji vingi, na Vincent alifuatana nao walipokwenda kuyatembelea.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1617 aliitwa kwa mkulima mgonjwa katika kijiji cha Gannes. Mtu huyu alisifiwa na jirani zake wote kuwa mwema. Vincent alikaa naye, akamsihi afungue moyo wake kuhusu maisha yake yote tangu utoto. Yakatoka mambo mazito aliyoyaficha miaka mingi kwa aibu. Baadaye yule mkulima, ambaye hakuwa na siku nyingi za kuishi, alimwambia Bibi de Gondi waziwazi kwamba kama si siku ile angalipotea. Bibi alishtuka. Ikiwa mtu anayeitwa mwema ana hali hiyo, wale wengine je? Na bibi huyo alikuwa na sababu ya hofu, kwa maana zamani alikuwa amegundua kwamba padri mmoja wa kijijini, alipomaliza kusikiliza ungamo, alinong'ona tu maneno yasiyoeleweka, kwa kuwa hakuyajua maneno ya maondoleo yenyewe.

Sisi Waprotestanti tuna mafundisho mengine juu ya kuungama, wala sitaki kuificha tofauti hiyo. Lakini tusiifanye kuwa pazia la kutuzuia kuona. Hapa pana mtu anayekaribia kufa. Ana kanisa, ana mhudumu, amekwenda ibada maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamwuliza habari za roho yake. Je, katika shirika lako hakuna mtu wa namna hiyo?

Tarehe 25 Januari mwaka ule Vincent alihubiri katika kijiji cha Folleville juu ya toba. Watu walikuja wengi hata yeye na mwenzake wakalemewa, ikabidi kuomba msaada wa mapadri wengine kutoka mji wa Amiens. Walikuwa wamekaa na kiu, na hakuna aliyejua.

Baadaye mwaka uleule aliondoka katika nyumba ya wakuu, akaenda kuwa padri wa mji mdogo wa Châtillon. Alipofika hapakuwa na nyumba ya padri inayofaa, akapokelewa katika nyumba ya Mprotestanti. Hiyo nawaachia mtafakari wenyewe. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akijitayarisha kwa ibada, aliletewa habari ya nyumba iliyo mbali kidogo ambamo wote walikuwa wagonjwa, hata hapakuwa na mmoja wa kumpa mwenziwe maji. Akaitaja habari hiyo katika mahubiri. Mchana alipotoka kwenda kuwaona, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda, wengine wakirudi, na wengine wameketi kando ya barabara kwa ajili ya joto. Kila mmoja alikuwa amepeleka chakula.

Mimi ningalifurahi, nikatoa ripoti nzuri. Vincent aliona jambo jingine. Aliona kwamba leo chakula ni kingi mno, na kingine kitaoza, na kesho kutwa watu hawa watakuwa na njaa kama mwanzo. Basi aliwakusanya akina mama wa mji, akawapangia zamu, akawaandikia kanuni. Kanuni hizo zimehifadhiwa hata leo, na ukizisoma utadhani zimeandikwa na mama mzazi. Zinasema mhudumu atayarishe chakula mwenyewe, amwendee mgonjwa kwa furaha na upendo, amsalimu, aweke ubao mdogo kitandani, atandike kitambaa, aweke kikombe na kijiko na mkate, amnawishe mikono, ndipo aombe baraka juu ya chakula. Tena aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumtunza, na amalize kwa yule asiye na mtu, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Akina mama wa ushirika wetu mnaokwenda hospitalini siku za Alhamisi, nadhani mmelisikia neno hilo. Sisi huanza na yule asiye na mtu, tukamsalimu haraka haraka, halafu tukakaa na yule tunayemjua.

Sasa nifike kwa yule Mprotestanti niliyewaahidi.

Mwaka wa 1620 Vincent alikuwa amekwisha kurudi kwa familia ya Gondi, na wakati huo alikuwa Montmirail, kwenye mashamba yao. Katika sehemu ile waliishi Wahugenoti watatu, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, na Bibi de Gondi alimwomba Vincent azungumze nao. Wawili walikubali mafundisho yake. Wa tatu alikataa, akampa sababu. Alisema kwamba anasikia Kanisa la Roma huongozwa na Roho Mtakatifu, lakini yeye hawezi kuamini, maana anaona watu wa mashamba wameachiwa wahudumu wajinga na wenye tabia mbaya, hata wengi hawajui dini ya Kikristo ni kitu gani. Na huku miji imejaa mapadri na watawa wasio na kazi, labda elfu kumi katika Paris peke yake. Je, Roho Mtakatifu ndiye aliyepanga hivyo?

Vincent alimjibu kadiri alivyoweza, kwamba wako wanaotoka mjini kwenda vijijini, na kwamba makosa ya watu siyo kanisa lenyewe. Lakini neno lile lilimwingia. Alijua ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia shamba, akamwonea haya baba yake, akafika Paris kutafuta mapato. Yule Mhugenoti hakujua, lakini alikuwa akimwambia habari zake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Vincent alirudi katika vijiji vile pamoja na mapadri wengine, wakahubiri na kufundisha watu wazima na watoto. Yule mtu alikuja kutazama. Aliona wasomi wakiwaeleza wakulima mambo ya imani kwa subira, neno kwa neno, mpaka waelewe. Habari hii inamalizika kwa yeye kujiunga na Kanisa Katoliki. Sitawaficha jambo hilo, ingawa hata mwishoni alikuwa bado na swali juu ya sanamu, ambalo mimi na wewe tungaliuliza pia. Tunaweza kuhuzunika kwamba alituacha. Mimi huhuzunika zaidi kwa jambo jingine: alitafuta mahali ambapo maskini wanahubiriwa, na akapaona.

Tarehe 17 Aprili mwaka wa 1625 mkataba ulitiwa sahihi. Familia ya Gondi ilitoa livre 45,000, fedha za Ufaransa za wakati ule, ili liwepo kundi la mapadri wa kwenda vijijini. Na mkataba huo ulikuwa na masharti mawili ambayo nimeyasoma mara nyingi. La kwanza, wasipokee malipo yoyote kwa watu wanaowahubiria. La pili, wasihubiri katika miji mikubwa yenye askofu au mahakama kuu. Kazi yao ilikuwa mashambani, kuanzia Oktoba hadi Juni, maana miezi ya kiangazi wakulima wa Ulaya huwa katika mavuno na hawana nafasi ya kusikiliza mtu.

Mwanzoni walikuwa Vincent na mwenzake Antoine Portail, na padri wa tatu waliyemlipa kidogo kwa mwaka. Walipewa jengo la zamani huko Paris. Hawakuwa na mlinzi wala mtumishi, hata walipotoka kwenda safari zao ufunguo waliuacha kwa jirani. Vincent alipokuwa mzee alipenda kukumbuka siku zile. Tena alisema kwamba hakuwa na mahubiri mengi. Alikuwa na hubiri moja tu, juu ya kumcha Mungu, ambalo aligeuza huku na huku kila kijiji alichofika. Wachungaji wenzangu, mnaonisikia na daftari zenu, tupumzike hapo kidogo.

Kazi ilikua. Mwaka wa 1632 walipokea Saint-Lazare, nyumba kubwa iliyokuwa zamani ya wakoma. Vita vilipoliharibu jimbo la Lorraine tangu mwaka wa 1639, bradha wao mmoja, Mathieu Regnard, alisafiri zaidi ya mara 50 akipeleka fedha za kulisha wenye njaa, zikiwa zimefichwa katika mfuko mchafu kama wa ombaomba, na hakuna mnyang'anyi aliyezipata. Mwaka wa 1648 wawili kati yao, Charles Nacquart na Nicolas Gondrée, walifika Madagaska, kisiwa hicho cha jirani zetu. Gondrée alikufa mwaka wa 1649, Nacquart mwaka uliofuata. Katika muda mfupi huo Nacquart alikuwa amejifunza Kimalagasi, akaandaa mafundisho ya imani kwa lugha hiyo. Na miaka mingi baadaye, mwaka wa 1839, Mwitalia wa shirika hilohilo, Justin de Jacobis, aliingia Ethiopia, akaishi na kula kama wenyeji mpaka kufa kwake mwaka wa 1860. Hata hapa Kenya Wavinsenti wapo.

Nitaje jambo moja ambalo litawashangaza wengine. Watu wake walipokuwa wakifanya kazi Sedan, mji wenye Waprotestanti wengi, Vincent aliwaagiza wasitumie mimbari kuwashambulia wachungaji wa Kiprotestanti. Wahubiri Kristo, waishi vizuri, wawe wapole. Alisema hivyo katika karne ambayo watu wa Ulaya waliuana kwa ajili ya mambo haya. Sisi huku kwetu tuna mikutano ya hadhara ambapo nusu ya wakati hutumika kusema kanisa la jirani.

Sasa niseme habari yangu, maana nimesema za wengine vya kutosha.

Nilipomaliza chuo cha theolojia nilitumwa katika parokia ya sehemu kavu, yenye makanisa kumi na moja. Moja lilikuwa chini ya mti. Nilikaa miezi saba. Kisha nilikwenda katika ofisi iliyonituma, nikaeleza kwamba mke wangu hapati kazi kule, na mtoto anakaribia umri wa shule, na barabara ni mbaya wakati wa mvua. Yote hayo yalikuwa kweli. Nikahamishiwa mjini. Kanisa la mjini lilikuwa na wachungaji wawili tayari, nami nikawa wa tatu.

Siku ya kuaga, wazee walichinja mbuzi. Nilifanya hotuba ndefu, nikawaambia kwamba nasikitika kuwaacha. Mzee mmoja, aliyekuwa akisoma Neno kila Jumapili ambayo sikufika, akasimama kunijibu. Hakunilaumu. Alisema, "Mchungaji, usisikitike. Sisi tumezoea."

Nimehubiri miaka mingi tangu siku hiyo. Nimehubiri harusi kubwa na mazishi ya watu wenye majina. Neno la mzee yule bado sijapata jibu lake. Nilipoisoma habari ya Mhugenoti wa Montmirail nilimsikia mzee yule tena, ila Mhugenoti alisema kwa ukali, na mzee wangu alisema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza.

Ndugu zangu tulio na mamlaka ya kupeleka na kuhamisha watumishi, hebu tuhesabu. Je, mjini tuna wangapi, na kule wako wangapi? Wainjilisti wetu wanaotembea kwa baiskeli kutoka kanisa hadi kanisa, posho yao ya mwezi uliopita imefika? Ninyi vijana mnaomaliza chuo mwaka huu, sitawaambia kwamba barabara imekuwa nzuri. Na wewe uliye kule, unayesikiliza kwa redio ya betri chini ya mti wa ibada yenu, sikupigii simu ya pole. Nakuomba radhi.

Mwezi uliopita nilipewa likizo. Niliwaandikia wazee wa kule kuuliza kama naweza kuja kukaa nao majuma matatu, bila gari la ofisi, kutoka kanisa hadi kanisa. Jibu lilikuja kwa mkono wa mwalimu wa shule. Wameniambia nije wakati mtama umekwisha kuvunwa, maana sasa hawana nafasi, na nilete miwani ya kusomea, kwa sababu ile ya mzee msomaji imevunjika.

Nimeinunua. Tuombe.

Bwana Yesu, uliyetembea mijini na vijijini, ukahurumia makutano, uwakumbuke leo watakaokuwa na ibada bila mchungaji. Mpe nguvu msomaji wao. Amina.

Kwaherini, wapendwa.